Shule ya Udaktari Visiwani Karibi: Mtoto Wetu Aende au Asiende?

Katika kitabu hiki tumezoea kufundisha habari za magonjwa: malaria, kuhara, minyoo, kifua kikuu. Somo la leo ni la namna nyingine. Lakini nalo ni somo la afya, kwa maana linahusu jinsi madaktari wanavyofanywa. Tena linahusu fedha za jamaa nyingi, na deni ni kama donda lisilofungwa mapema: huzidi kuchimba.

Tangu miaka ya 2010, wakimbizi wengi wa Kongo wamepokewa kukaa Marekani. Watoto wao wamesoma huko, na sasa wengine wamefika umri wa kuingia shule ya udaktari. Shule za udaktari za Marekani hupokea chini ya nusu ya watu wanaoomba. Basi kijana akikataliwa, mara hupata barua nzuri kutoka shule iliyo katika kisiwa cha bahari ya Karibi: nafasi ipo, masomo yanaanza karibuni, leta fedha za kwanza. Shule yenyewe ni mpya. Kijana huwaandikia wazazi, nao huwaandikia ndugu zao walio huku kwetu. Jamaa wachange. Mjomba aliye Marekani aweke sahihi kwenye mkopo. Shamba la babu liuzwe. Wazee hukaa pamoja na kuulizana: Je, jambo hili ni jema?

Jibu letu si ndiyo kwa wote, wala si hapana kwa wote. Lakini neno moja tunataka kila mtu alishike: shule ya udaktari haipimwi kwa mlango wa kuingilia, hupimwa kwa mlango wa kutokea. Kupokelewa ni rahisi. Kufika mwisho, na kuruhusiwa kutibu wagonjwa, ndiyo kazi.

1. Shule hizi ni za namna gani?

Bahari ya Karibi iko kati ya Amerika ya Kaskazini na Amerika ya Kusini. Ina visiwa vingi. Vingine ni nchi zinazojitawala, ijapokuwa ni vidogo kuliko teritwari moja ya Kongo. Grenada, kwa mfano, ni kilometa za mraba 344 tu.

Huko kuna shule za udaktari za namna mbili, na watu huzichanganya.

Namna ya kwanza ni shule za wenyeji. Chuo Kikuu cha West Indies kilianza mwaka 1948 pale Mona, Jamaica, na wanafunzi 33 wa udaktari. Hufundisha madaktari kwa ajili ya hospitali za visiwa vyenyewe. Cuba nayo ina shule yake kubwa iliyofunguliwa na serikali Havana mwaka 1999 kwa ajili ya vijana wa nchi nyingine. Shule za namna hii si shabaha ya somo letu.

Namna ya pili ni shule zilizofunguliwa na watu wa biashara kwa ajili ya wageni, hasa vijana wa Marekani na Kanada. Shule ya St. George's ilianza kufundisha Grenada mwaka 1977. Mwaka 1978 zikafuata Ross katika kisiwa cha Dominica, na American University of the Caribbean katika kisiwa cha Montserrat. Baada ya hizo zikaja nyingine nyingi. Zingine zimekua. Zingine zimefungwa, na wanafunzi wake wakatawanyika.

Tuseme kweli: kusomea kisiwani si aibu. Karibu daktari mmoja kwa kila wanne wanaofanya kazi Marekani alisomea nje ya Marekani na Kanada, na kati yao wako wengi waliotoka katika zile shule za zamani za Karibi. Wanatibu watu vizuri. Basi kosa si kisiwa. Shida ni kwamba jina "shule ya udaktari" linafunika vitu visivyofanana, kama vile neno "dawa" linavyofunika kidonge cha hospitali na unga wa sokoni usiojulikana umetoka wapi.

2. Milango mitano ya njia hii

Mtu anayetaka kusafiri huuliza njia ina mito mingapi. Kijana huyu naye ana milango mitano mbele yake.

Mlango wa kwanza ni kupokelewa. Shule nyingi mpya huufungua wazi, kwa maana zinaishi kwa ada. Nyingine hupokea hata mtu aliyetoka tu sekondari, zikimweka kwanza katika masomo ya kutayarisha kwa mwaka mmoja au zaidi.

Mlango wa pili ni masomo ya kisiwani, karibu miaka miwili: viungo vya mwili, kazi ya damu, vijidudu, nguvu ya dawa. Hapa wengi huanguka na kurudia, au huondoka kimya. Ada waliyokwisha kulipa hairudi yote.

Mlango wa tatu ni mtihani wa kwanza wa Marekani uitwao USMLE. Huu hautungwi na shule, kwa hiyo hauna upendeleo. Mwaka 2022, kati ya watu 100 wa shule za nje waliofanya mtihani huu mara ya kwanza, walishinda 74; mwaka 2023 walishinda 72. Wale wa shule za udaktari za Marekani na Kanada zenye digrii ya MD walikuwa 93 na 92. Tangu mwezi wa Januari 2022 mtihani huu hautoi tena alama, bali hutoa neno moja tu: ameshinda au ameshindwa. Zamani kijana wa shule isiyojulikana aliweza kujionyesha kwa alama kubwa. Njia hiyo imefungwa katika mtihani wa kwanza. Imebaki katika mtihani wa pili. Tena tangu mwaka 2021, hakuna anayeruhusiwa kujaribu mtihani mmoja zaidi ya mara nne.

Mlango wa nne ni mafundisho ya hospitalini, karibu miaka miwili, kando ya kitanda cha mgonjwa. Shule nyingi za visiwani hazina hospitali kubwa. Huwatuma wanafunzi katika hospitali za Marekani, na mara nyingi huzilipa hospitali hizo ili ziwapokee. Shule kubwa zina fedha za kufanya hivyo. Mwaka 2008 ilijulikana kwamba St. George's ilifanya mapatano na hospitali za mji wa New York, ya dola zipatazo milioni 100 kwa miaka kumi. Shule ndogo mpya itashindana namna gani na fedha hizo? Ndiyo maana wanafunzi wengine hukaa nyumbani miezi, wakingoja nafasi, na huku deni linakua.

Mlango wa tano ndio mkubwa: residensi. Hii ni kazi ya mafunzo katika hospitali, yenye mshahara, ya miaka mitatu au zaidi baada ya diploma. Katika Marekani, mtu mwenye diploma ya udaktari asiye na residensi hapati ruhusa ya kutibu watu kama daktari. Ana karatasi ukutani, lakini hawezi kuandika dawa. Nafasi za residensi hugawanywa kila mwaka kwa mpango mmoja wa nchi yote. Mwaka 2024, kati ya wanafunzi 100 wa mwaka wa mwisho wa shule za MD za Marekani, walipata nafasi 93 na nusu. Raia wa Marekani waliosomea nje walipata 67 kwa 100. Wasio raia waliosomea nje walipata 58 na nusu kwa 100.

Angalieni hesabu hizi za mwisho. Ni za shule zote za nje pamoja, za zamani na za mpya, zenye sifa na zisizo na sifa. Tena ni za wale tu waliokwisha kupita milango minne na kuingia katika mpango. Walioanguka njiani hawamo.

3. Kibali cha serikali na uthibitisho wa ubora

Barua ya shule mpya husema: "Sisi tumekubaliwa na serikali." Mara nyingi neno hilo ni la kweli. Lakini linasema nini?

Serikali ya kisiwa hutoa kibali cha kufungua shule, kama vile mkuu wa mji anavyotoa ruhusa ya kufungua duka. Ruhusa ya duka haisemi kama mafuta yaliyomo ni safi. Kwa kujua usafi, lazima mtu mwingine aje apime. Kupima huko ndiko tunakoita uthibitisho.

Katika visiwa vya Karibi liko baraza liitwalo CAAM-HP. Lilianzishwa mwaka 2003 na nchi za umoja wa CARICOM. Mwaka 2012 likawa la kwanza duniani kutambuliwa na Shirikisho la Dunia la Elimu ya Udaktari, WFME. Wapimaji wake hufika shuleni, hutazama walimu, vitabu, maabara, fedha, na hospitali za mafunzo. Kisha baraza hutangaza hadharani hali ya shule: imethibitishwa, imethibitishwa kwa masharti, iko katika majaribio, imekataliwa, au imeondolewa. Shule mpya inaweza kupewa uthibitisho wa muda wa kwanza. Neno hilo "wa muda" lisomwe vizuri: bado inatazamwa. Baraza lingine, ACCM, lenye makao Ireland, nalo hupima baadhi ya shule za visiwa.

Iko na karatasi nyingine inayodanganya macho. Ni orodha ya dunia ya shule za udaktari. Shule husema: "Tumo katika orodha." Kweli, shule lazima iwemo, tena iwe na alama kwamba wanafunzi wake wanakubaliwa na ECFMG, ofisi ya Marekani inayochunguza madaktari waliosomea nje. Bila cheti cha ofisi hii, aliyesomea nje hawezi kuingia residensi ya Marekani. Lakini kuwa katika orodha ni kuandikwa tu jina. Mtoto akiandikwa katika kitabu cha kliniki, bado hajapimwa uzito. Tangu mwaka 2024, taarifa za ECFMG huonyesha kama shule ya mtu imethibitishwa na baraza linalotambuliwa na WFME. Kwa hiyo mkuu wa hospitali anayechagua vijana anaweza kuliona jambo hilo mbele yake.

Tena ziko sheria za majimbo. Jimbo la New York halikubali mwanafunzi wa shule ya nje afanye zaidi ya majuma 12 ya mafundisho ya hospitalini humo, ila shule yake iwe imepewa ruhusa na jimbo. Shule mpya isiyo na ruhusa hiyo imefungiwa mlango mkubwa, kwa kuwa hospitali nyingi zinazopokea wanafunzi wa visiwani ziko huko.

4. Hesabu zinazoficha watu

Mtu akisema, "Dawa yangu iliponya wagonjwa tisa katika kumi," mwuguzi mwenye akili huuliza: "Kumi gani?" Labda waliokufa juma la kwanza hawakuhesabiwa.

Tufanye mfano. Tuseme vijana 100 wanaanza katika shule moja. Ishirini na watano wanashindwa masomo ya kisiwani na kuondoka. Kumi na watano wanabaki, lakini shule inawazuia wasifanye mtihani wa Marekani, kwa maana hawakushinda jaribio la ndani. Wamebaki 60. Hao wanafika mwisho, na 54 kati yao wanapata residensi. Shule inatangaza: "Wanafunzi wetu 90 kwa 100 wamepata kazi!" Kwa hesabu ya shule ni kweli, 54 katika 60. Kwa hesabu ya wazazi ni 54 katika 100. Wale 46 wako wapi? Wako nyumbani na deni.

Huu ni mfano wetu tu, lakini jambo lenyewe limetokea. Mwaka 2022 tume ya Marekani inayolinda wanunuzi, FTC, iliishtaki Saint James School of Medicine, yenye masomo Anguilla na St. Vincent. Tume ilisema kwamba shule ilitangaza karibu 97 kwa 100 wanashinda mtihani wa kwanza, lakini kati ya waliomaliza masomo yanayotakiwa kabla ya mtihani huo, walioshinda walikuwa 35 tu kwa 100. Shauri liliisha kwa mapatano ya dola milioni 1.2, kwa ajili ya kurudisha fedha na kufuta madeni ya wanafunzi.

Katika shule za MD za Marekani, karibu 96 kwa 100 ya wanaoanza humaliza ndani ya miaka sita au zaidi kidogo. Basi mwulizeni kila mwenye kuandikisha wanafunzi swali hili moja: "Kati ya watu 100 walioingia siku moja, wangapi wamekwisha kuwa katika residensi?" Akijibu kwa hesabu nyingine, hajajibu.

5. Fedha na deni

Katika shule kubwa za visiwani, ada ya miaka yote hupita dola 200,000, bila chakula, nyumba na ndege. Shule mpya husema bei yake ni nafuu. Lakini bei ndogo ya njia isiyofika si nafuu, ni hasara ndogo kidogo.

Serikali ya Marekani hukopesha wanafunzi, raia na wenye ruhusa ya kukaa daima, lakini si kwa kila shule ya nje. Kwa kawaida hutaka nchi iwe na upimaji unaolingana na wa Marekani, na tena wanafunzi wa shule hiyo wasiopungua 75 kwa 100 wawe wanashinda mitihani. Shule iliyoanza jana haina matokeo ya kuonyesha. Kwa hiyo wanafunzi wa shule mpya mara nyingi hukopa kwa benki za watu binafsi. Hata mkopo wa serikali umepunguzwa: kwa sheria ya mwaka 2025, mwanafunzi mpya wa udaktari anayeanza kukopa tangu tarehe 1 Julai 2026 hawezi kupita dola 50,000 kwa mwaka, wala dola 200,000 kwa jumla.

Benki ya binafsi hutaka mtu mwingine aweke sahihi pamoja na kijana. Hapa ndipo mjomba anaingia. Wajomba na mashangazi wajue hivi: sahihi hiyo si barua ya kumsifu mtoto. Ni deni lenu. Kijana asipolipa, benki itawatafuta ninyi, nyumba yenu na mshahara wenu.

Pigeni hesabu. Deni la dola 200,000 lenye faida ya 8 kwa 100 huzaa dola 16,000 kila mwaka, kabla hamjapunguza hata dola moja ya deni lenyewe. Daktari aliyemaliza residensi anaweza kulipa. Mtu aliyeanguka mlango wa tatu, anayefanya kazi ya ghala au ya kuendesha gari, hawezi. Na mtu akishindwa na deni hili, huona haya kuzungumza na wazazi wake. Huacha kuandika. Huacha kupiga simu. Jamaa hudhani amewadharau, kumbe amezama.

6. Shida ya pekee ya shule mpya

Mpapai mchanga ni mzuri kutazama. Lakini hujui kama ni jike au dume mpaka utoe maua. Mtu anayekununulisha papai za mti ambao haujatoa ua, anakuuzia tumaini.

Shule ya udaktari huchukua miaka minne kutoa wanafunzi wa kwanza, na mitatu zaidi mpaka hao wamalize residensi. Basi shule yenye umri wa miaka mitatu haina hata daktari mmoja wa kuonyesha. Majengo yanaweza kuwa mapya na walimu wema, lakini matunda hayajaonekana. Yule anayeingia miaka ya kwanza ndiye anayejaribiwa juu yake.

Jambo la pili ni dhoruba. Visiwa hivi hupigwa na tufani na milima ya moto. Mwaka 1995 mlima wa moto wa Montserrat ulilipuka, na American University of the Caribbean ikahamia St. Maarten. Mwaka 2017 tufani Irma ikaipiga St. Maarten, na wanafunzi wakapelekwa kwa muda Preston, Uingereza. Mwaka huohuo tufani Maria ikaharibu Dominica. Shule ya Ross iliwafundisha wanafunzi wake ndani ya meli, kisha katika mji wa Knoxville, Marekani, na mwaka 2019 ikahamia Barbados kabisa. Shule hizo ziliendelea kwa sababu zilikuwa na fedha na marafiki wengi. Shule changa isiyo na akiba, ikipigwa hivyo, inaweza kufunga milango, na masomo ya nusu huwa vigumu kupokelewa na shule nyingine.

Jambo la tatu ni udanganyifu wenyewe. Mwaka 1984 serikali ya Jamhuri ya Dominika ilifunga shule mbili, CETEC na CIFAS, baada ya kugunduliwa biashara ya diploma za uongo. Hata wale waliokuwa wamesoma kwa jasho lao walitiliwa shaka pamoja na walionunua. Jina baya la shule humfuata hata mwanafunzi mwema.

7. Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Kuuliza si ujinga. Kijana aandike maswali haya, naye apate majibu kwa maandishi, si kwa simu tu:

1. Shule imethibitishwa na baraza gani, na hali yake leo ni ipi? Msitosheke na jibu la shule. Someni tangazo la baraza lenyewe.

2. Je, imo katika orodha ya dunia ya shule za udaktari, na ina alama ya ECFMG?

3. Imehitimisha makundi mangapi? Kati ya 100 walioanza pamoja, wangapi wako katika residensi?

4. Ni hospitali gani zinazopokea wanafunzi wake, na mapatano yake yanaisha mwaka gani? Kijana aipigie simu hospitali moja na kuuliza.

5. Ina ruhusa ya New York na ya majimbo mengine yanayodai ruhusa?

6. Mwanafunzi anaweza kukopa kwa serikali ya Marekani? Kama hawezi, ni kwa nini?

7. Akiondoka baada ya miezi sita, anarudishiwa nini?

8. Mtu anayetuandikia hulipwa kwa kila mwanafunzi anayemleta? Kama ndiyo, yeye ni mwuzaji, si mshauri.

9. Yuko mwanafunzi aliyeondoka ambaye tunaweza kuzungumza naye? Waliobaki watawaambia mazuri. Walioondoka watawaambia mengine.

Shule njema haitakasirika kwa maswali haya. Ikisema, "Lipa kwanza juma hili, nafasi zinakwisha," fungeni mfuko. Haraka haraka haina baraka.

8. Basi nani aende?

Tuseme wazi, kama vile tunavyomwambia mgonjwa habari ya damu yake.

Shule isiyothibitishwa na baraza linalotambuliwa na WFME, isiyotoa hesabu ya walioanza, na isiyotaja hospitali zake: mtoto asiende, hata akisamehewa nusu ya ada.

Shule mpya yenye uthibitisho wa muda: ni hatari kubwa. Asubiri mpaka iwe na makundi yaliyofika residensi. Shule ikiwa njema leo, itakuwa njema hata baada ya miaka miwili.

Shule ya zamani yenye uthibitisho, mikopo ya serikali na hesabu wazi: inawezekana, kwa raia wa Marekani mwenye alama nzuri za sayansi, anayejua kusoma peke yake kwa muda mrefu, na ambaye amekwisha kujaribu njia nyingine. Aliyekuwa akianguka katika kemia na biolojia asidhani bahari itamgeuza.

Kijana aliye Kongo, asiye na ruhusa ya kukaa Marekani, afikiri mara mbili zaidi. Visa ya kuingia hospitali za Marekani hutolewa na ubalozi, si na shule. Wasio raia hupata nafasi chache kuliko raia, kama tulivyoona. Na akirudi, diploma ya nje hutakiwa kulinganishwa na ya nchi, tena lazima aandikwe katika Ordre des Médecins kabla ya kutibu. Kwake ni afadhali asome udaktari katika chuo kizuri cha Kongo au cha nchi jirani. Baadaye, akitaka, anaweza kujaribu mitihani ya ECFMG akiwa tayari daktari, bila deni la maelfu ya dola.

Tena njia nyingine ziko. Marekani ina shule za udaktari wa osteopathia, zenye digrii ya DO. Wanaomaliza ni madaktari kamili, na mwaka 2024 waliopata residensi walikuwa 92 kwa 100. Kijana aliyekataliwa mara moja anaweza kurudia masomo dhaifu, kufanya kazi hospitalini mwaka mmoja, na kuomba tena. Tena iko kazi ya uuguzi, ya maabara, ya dawa, ya kuzalisha. Mgonjwa anayehema usiku hamwulizi mtu aliyemjia ana diploma gani. Anataka mikono inayojua kazi.

Neno kwa wazazi

Kijana akileta barua ya kisiwani, msimcheke. Kukataliwa kumekwisha kumuumiza. Tena msishangilie upesi, wala msitangaze mtaani kwamba mmekwisha kupata daktari, kwa maana baada ya hapo ataona haya kurudi nyuma hata akiona hatari. Mwambieni: "Mwanangu, tunaipenda nia yako. Leta majibu ya maswali haya tisa, tukae tuyasome pamoja." Mkutano kama huo ni wa saa mbili tu. Deni linaweza kuchukua miaka ishirini.

Na kama akienda akaanguka, mlango wa nyumba ubaki wazi. Afadhali arudi mapema, baada ya muhula mmoja, kuliko kuendelea kukopa kwa kuogopa macho ya watu.

Mambo ya kukumbuka

Kupokelewa si kufika. Kibali cha serikali si uthibitisho. Hesabu ya waliomaliza si hesabu ya walioanza. Sahihi ya mjomba ni deni la mjomba. Mti ambao haujatoa ua, msinunue papai zake.